Karani aliyekuta kilo za ng'ombe kwenye kadi ya mgonjwa

Saa moja na robo asubuhi, Mwihaki Njogu anafungua dirisha la mapokezi katika kliniki moja ya kibinafsi mjini Kitengela. Watu tisa wamekwisha kuketi kwenye benchi. Anapokea kadi ya wa kwanza, anaingiza namba yake kwenye kompyuta, kisha badala ya kuiamini skrini anamgeukia mwenye kadi.

"Uko na miaka ngapi, baba? Kuna dawa inakukataa?"

Mwihaki, 36, ni karani wa kumbukumbu na huhudumia wagonjwa wapatao sabini kwa siku. Ameifanya kazi hiyo miaka minane, na anasema hakuwahi kuitilia shaka akili yake mpaka Machi mwaka huu.

"Nilidhani nazeeka mapema," anasema. "Naandika kilo 71 leo, kesho napata 38. Najiuliza, kweli ni mimi niliandika hii?"

Mwenye kliniki hiyo ana pia kliniki ya mifugo mjini Kajiado na maabara Kiserian. Kila biashara ilikuwa na programu yake kwenye klaudi, yaani kompyuta za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, na kila programu ilihifadhi kumbukumbu kwenye hifadhidata yake. Ili kupunguza gharama, fundi wao, Githinji, alizielekeza zote tatu kwenye hifadhidata moja.

Mwihaki hakuambiwa. Makosa yalipoanza, daktari alimkaripia mara mbili mbele ya wagonjwa. Akaenda kupimwa macho, yakaonekana mazima. Githinji alipopigiwa simu, alijaribu kadi mbili tatu akiwa kwake na kusema haoni shida yoyote.

Kisha, Jumanne moja wiki tatu baadaye, akaingia Kakenya, bibi wa Kimaasai kutoka Isinya, akichechemea kwa kidonda cha mguu.

"Takwenya, koko," Mwihaki alimwamkia, kama wajukuu wanavyomwamkia nyanya yao.

"Iko," bibi akaitikia.

Skrini ilionyesha kwamba bibi huyo mwembamba ana kilo 340. Chini yake iliandikwa kwamba amechanjwa dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo.

"Nilisoma mara tatu," Mwihaki anasimulia. "Nikajiambia labda ni huo mguu. Kichwa kilikuwa kimenizunguka kabisa."

Alimpeleka kwa daktari, akarudi dirishani. Lakini kitu kilimkera. Pale panapoandikwa dawa zinazomdhuru mgonjwa palikuwa patupu, naye alihisi kwamba mwaka jana aliandika jambo hapo. Alihisi tu. Kwa wiki tatu kila alilokuwa na hakika nalo lilikuwa limemgeuka.

Aliiacha foleni, akakimbia. Daktari alikuwa ameshika sindano ya penisilini.

"Ngoja kidogo, daktari."

"Nini tena, Mwihaki? Skrini inasema hana shida na dawa yoyote."

"Skrini pia inasema ako na kilo 340. Muulize mwenyewe."

Daktari akauliza. Koko Kakenya akawatazama wote wawili kwa mshangao. "Hiyo dawa iliniziba koo. Nilitolewa hapa nikibebwa. Kwani hamkuandika?"

Sindano ikarudishwa mezani. Mwihaki akatoka nje, akaketi kwenye ngazi, asijue alie au acheke.

Githinji alifika mchana huohuo, na safari hii alikaa kando ya Mwihaki mpaka jioni. Programu ya wagonjwa na ya mifugo zilikuwa na jedwali lenye jina moja, kwa hiyo zikawa zinaandika mahali pamoja. Ng'ombe namba 412 akipimwa Kajiado, taarifa zake zilifuta za mgonjwa namba 412 wa Kitengela. Jina pekee ndilo lililosalimika, kwa kuwa majina ya wenye mifugo huandikwa kwingine.

"Ni mimi nilikosea," Githinji anakiri. "Kutumia hifadhidata moja si vibaya. Lakini ningepea kila programu sehemu yake na ruhusa yake, isiguse ya ingine. Na Mwihaki aliponipigia, ningekuja."

Sasa amezitenganisha. Nakala ya zamani ilirudisha kumbukumbu nyingi, ila katika kadi 214 zilizoguswa wiki zile tatu haijulikani lipi ni kweli. Mwihaki anazihakiki moja moja, mgonjwa kwa mgonjwa. Amefikia ya 129.

Bado hajaelewa yote. "Githinji alinichorea kwa karatasi, nikashika nusu," anasema. Septemba anaanza masomo ya hifadhidata, kila Jumamosi, katika chuo kimoja hapo Kitengela. "Hiyo nusu ingine ndiyo naendea."

Ana ombi moja pia, na amekwisha kumfikishia mwajiri wake. "Wakitaka kubadilisha kitu, niwe kwa hiyo mkutano. Na siku nitasema kuna kitu haiko sawa, nisianze kwa kujiuliza kama ni mimi."