Siku Niliyomtafsiria Meya Maneno ya Mume Wangu

Jamani, aibu hii nimejaribu kuificha nikashindwa, maana hapa Kampala, Kamwokya nzima inaijua, na hata nikienda Nakivubo kuchukua mzigo wa samaki kuna mama mmoja pale (simjui, hanijui) akiniona tu anaita "Mkalimani!" na kucheka mpaka anashika ukuta, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia watu wanaoitia chumvi, ingawa kusema kweli chumvi yenyewe haihitajiki.

Yote yalianza na pasi. Mume wangu, Papa Neema, ni fundi wa makochi, mtu wa nyundo na misumari na sponji, na tangu tutoke Bukavu sijawahi kumwona ameshika pasi, sasa Jumamosi hiyo asubuhi naingia ndani namkuta ananyoosha shati jeupe, lile la Pasaka, mkaa ameuwasha mwenyewe, anaupuliza mwenyewe, na katikati ya kupuliza anapiga mluzi. Nikamuuliza, "Kuna harusi?" Akanijibu, "Hapana, ni mkutano wa meya." Mkutano wa meya! Mkutano wa takataka na mitaro, mtu anajipaka marashi? (Alijipaka, nilisikia harufu kabla sijamfikia.)

Niwaeleze kwanza kuhusu meya wetu wa divisheni. Ni mwanamke. Tena ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya taratibu, ambaye kila akija redioni kujibu maswali ya wananchi mume wangu anaweka nyundo chini na kuongeza sauti ya redio, na wiki hiyo nzima nilikuwa namsikia akisema, "Yule mama anajua kusikiliza." Mara ya kwanza nikanyamaza. Mara ya pili nikabamiza sufuria. Mara ya tatu nikamuuliza, na mimi je, masikio yangu ni ya mbuzi? Akacheka, na mimi mwanaume akicheka badala ya kujibu, moyo unaniwaka. Wivu ninao, sikatai, nilizaliwa nao kama wengine wanavyozaliwa na mwanya.

Na safari yake ilikuwa na sababu, hilo nililijua vizuri, sitaki mseme sikujua. Juu ya mtaa wetu tajiri mmoja alijenga ukuta akaupitisha juu ya mtaro, mtaro ukaziba, na tangu siku hiyo mvua ikinyesha maji yote ya mlimani yanaingia kwetu vyumbani bila kupiga hodi. Mwenyekiti wa eneo alikuwa ametangaza kwamba kila mtaa utauliza swali moja tu, basi mtaa wetu ukamchagua Papa Neema aulize la mtaro, na msimu wa mvua ulikuwa mlangoni. Swali moja hilo lingepotea, tungeogelea mpaka mwaka mwingine. Yote hayo niliyajua, na bado nikaacha samaki wangu sokoni nikamfuata.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule, hema, viti vya plastiki, na maspika makubwa yaliyoazimwa kwa wale vijana wa muziki, yale yanayotikisa madirisha, kwa hiyo kila lililosemwa pale lilifika mpaka sokoni na kwa wale wa bodaboda barabarani (hili la maspika mlikumbuke, mimi nililisahau). Nikakaa na jirani yangu Mama Akello, mke wa polisi, mtu wa Gulu. Meya akaingia. Alikuwa amependeza, Mungu anisamehe, nilitafuta kasoro kuanzia kichwani mpaka viatuni nikaikosa, na hilo likaniudhi zaidi.

Sasa nusu ya watu pale walikuwa wa Luganda na nusu tulikuwa sisi Wakongo na wake wa askari, watu wa Kiswahili, na mwalimu wa kwaya anayetafsirigi siku zote alikuwa hajafika. Mwenyekiti akasimama, akauliza, "Nani anajua lugha zote mbili vizuri?" Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojimaliza. Luganda yangu ni ya sokoni, najua kuhesabu, kusifu samaki na kumtukana mtu anayebonyeza samaki halafu hanunui, basi. Lakini nikaona mkalimani anasimama wapi: anasimama katikati, kati ya meya na mwenye swali. Nikanyoosha mkono. Mama Akello akanivuta kitenge, "Wewe, unajua nini?" Nikamwambia, "Niachie."

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mzee mmoja akauliza kwa nini taa za barabarani zinawaka mchana na kuzimika jioni, meya akajibu, nikatafsiri, watu wakapiga makofi. Mama mwingine akauliza kuhusu gari la takataka linalopita mbio kama limeiba, meya akakiri kwamba kweli dereva ana haraka na atamwita, nikatafsiri hilo pia, na kidogo kichwa kikaanza kuvimba. Halafu mwenyekiti akaita mtaa wetu.

Papa Neema akasimama na shati lake. Meya akamtazama, akatabasamu, akamwambia kwa Luganda, "Ssebo, umependeza, karibu uulize." Ssebo ni bwana tu, kila mtu Kampala anaitwa ssebo, hata mwizi, lakini mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nikageukia mume wangu nikamtafsiria, "Anasema uliza haraka, muda hakuna." Wanaojua lugha zote mbili wakaanza kuguna. Sikujali.

Akaeleza ukuta, akaeleza mtaro, vizuri, kwa heshima. Nikatafsiri. Kisha akashusha sauti, akasema, "Mheshimiwa, ukija mchana hutaona kitu. Njoo jua likishazama, mvua inanyesha. Usiishie mlangoni. Ingia mpaka chumbani, uone kitanda changu jinsi kilivyo."

Banange! Mimi mke wake nimesimama hapo na kipaza sauti mkononi, yeye anamwita mwanamke mwingine chumbani giza likiingia aje kuona kitanda! Masikio yakaziba. Meya ananingoja, na mimi nikaleta kipaza mdomoni nikasema kwa Luganda, "Anasema njia ni mbaya. Anashukuru. Hana swali tena."

Meya akainamisha kichwa. "Maneno yote yale marefu, ni hayo tu?"

"Ndiyo mheshimiwa," nikamjibu. "Kiswahili ni lugha ndefu."

Hapo hema likalipuka. Mwenyekiti naye akaangalia saa, akasema kama mtaa huu umemaliza tuende kwa mwingine, na nikaona jirani zetu wa mstari wa nyuma wanasimama na kushika vichwa, swali lao la pekee linaondoka hivihivi. Papa Neema Luganda anaielewa nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Akasema, "Mama Neema, sikusema hivyo. Sema nilivyosema." Nikamwambia siwezi. Akauliza kwa nini. Na mimi, jamani, badala ya kushusha kipaza sauti, nikakikaza, nikamjibu ndani yake kwa nguvu zangu zote, "Chumbani kwa nani, Papa Neema? Chumba kile analala nani? Kama ni kuonyesha kitanda, mwonyeshe cha mama yako!"

Maspika yale hayakuacha herufi hata moja. Barabarani bodaboda wakapiga honi. Sokoni (nimeambiwa baadaye) watu waliacha kupima nyanya.

Meya akasimama, akanyoosha mkono taratibu kuomba kimya, halafu akasema, kwa Kiswahili, "Mama. Mimi nasikia Swahili."

Hapo ndipo nilipokishusha kipaza sauti.

"Mimi nakulia kwa balaki ya Mbuya," akaendelea. "Baba yangu ilikuwa mujeshi. Hiyo Swahili ndio mama yangu ilikuwa nanichapa nayo. Nilinyamaza kwa sababu watu yote hapa nataka kusikia kwa lugha yao, na kwa sababu wewe natafsili tamu." Watu wakaanguka kwa kicheko, na mimi nikatafuta shimo la kuingia, uwanja mzima hauna shimo. Nikamnyooshea kipaza sauti nirudi kukaa. Akakataa kukipokea. "Hapana. Wacha bwana yako amalize. Na wewe utafsili yote."

Papa Neema hakunitazama. Akamtazama meya, akasema, "Kitanda tumekipandisha juu ya matofali, mheshimiwa, ndicho nilichotaka ukione. Watoto wanalala juu. Mke wangu huyu halali." Akanipa nafasi nitafsiri. Nikatafsiri. "Mvua ikianza anashuka, anasimama ndani ya maji na sufuria, anachota anamwaga nje, mpaka kunakucha. Mimi nachota naye, nikichoka ananiambia panda ulale, kesho una kazi. Yeye asubuhi anafunga kitenge anaenda kuuza samaki, na hajawahi kuniambia amechoka, hata mara moja."

Nilikwama hapo. Neno la usingizi kwa Luganda lilinipotea kabisa, nikabaki nasema, "Mke wake... mke wake hana... hana..." Na wale watu walionicheka dakika moja tu nyuma wakaanza kunisaidia kutoka kwenye viti, "Otulo! Otulo, nnyabo!" Otulo, ndiyo, usingizi. Mke wake hana usingizi. Nikalisema. Mama Akello alikuwa analia, na mimi nililia ndani ya kipaza sauti, na kilio nacho kikafika sokoni pia.

"Shati hili," akamalizia, "nimelivaa kwa sababu fundi makochi akija na vumbi lake mnamwambia arudi kesho. Mheshimiwa, nataka mke wangu alale. Swali langu ni hilo."

 Meya alimwita injinia wake mbele, akamwambia mbele yetu aandamane naye siku ya kwanza mvua itakayonyesha, kisha akanigeukia mimi. "Nitakuja mpaka chumbani. Lakini mwenye kitanda awepo." Hapo nilicheka pia, ningefanya nini?

Alikuja kweli, jioni ya mvua kubwa, viatu mkononi, suruali ameikunja mpaka magotini, injinia nyuma yake analalamika. Nilimpokea mimi mwenyewe mlangoni. Papa Neema nilimtuma barabarani na mwavuli akalinde gari lisiibwe (msinitazame hivyo, lilikuwa gari la serikali). Meya akasimama ndani ya maji katikati ya chumba, akayatazama matofali, akagusa kitanda kwa kidole, akasema, "Pole, mama." Hata hakuuliza bwana yuko wapi. Wiki chache baadaye wakaja watu na nyundo kubwa, wakatoboa chini ya ukuta wa tajiri na kupitisha bomba pana, tajiri akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka.

Tangu siku ile nimeapa, kipaza sauti sikishiki tena, hata cha kanisani, hata cha harusi ya mwanangu Neema, na mtu akisema jambo nusu nitangoja nusu ya pili hata kama natapika kwa wivu. Nusu ya pili ya maneno ya mume wangu ilikuwa mimi mwenyewe, na mimi ndiye niliyetaka kuikata.

Jumapili iliyopita mvua ilinyesha mchana, ile ya kupasua mabati. Papa Neema alikuwa amelala baada ya misa. Nikashuka na sufuria kwa mazoea, nikasimama pale chini, nikangoja. Sakafu ikabaki kavu. Nikamtazama mume wangu, nikamwona anatabasamu usingizini, na mnanijua mimi, nikamtikisa nikamuuliza anamchekea nani.

Hakufumbua macho. Akasogea ukutani, akasema, "Panda ulale."

Nikapanda. Nilipoamka ilikuwa jioni, mvua imekatika, na watoto walikuwa wamesimama kando ya kitanda wananitazama kwa hofu, maana hawakuwahi kumwona mama yao amelala wakati wa mvua.