Mstari wa Tatu

Wiki jana nilipeleka mashine yangu ya kukatia nyasi ya ng'ombe kwa fundi mmoja pale Kaplong. Akatoa kipimo chake kinachotumia betri, kumbe betri imekufa, akasimama tu. Nikampa maikromita ya inchi ya marehemu baba, kifaa cha mkono cha kupimia unene, kisicho na betri. Akaigeuzageuza weee, kisha akauliza, "Mathe, hii inawashwa wapi?" Mungu wangu! Na huyo ndiye fundi.

Rafiki, mimi kitu hicho nilikisoma nikiwa darasa la nne, jikoni, kogo, nyanya yangu, akichemsha chai ya maziwa na moshi ukitutoa machozi. Baba alikuwa fundi wa kiwanda cha majani chai, na ndiye aliyenifundisha. Namba za kwenye shina, kila moja ni thau mia; thau ni inchi moja ikigawanywa mara elfu. Kila mstari mdogo, thau ishirini na tano. Halafu unaongeza namba ya pipa linalozunguka. "Mstari ambao haujatoka vizuri chini ya pipa usiuhesabu," alikuwa akisema, mpaka kogo naye akaujua wimbo huo.

Jumapili moja injinia mpya wa kiwanda akaja kwetu na shafti ya mashine ya kusaga majani. Alitaka kuipima ili bushi mpya, pete ya chuma ya kuishikilia, ichongwe. Injinia gani! Viatu vinang'aa kwenye tope letu, na kila sentensi ina vyeti vyake. Akashika maikromita kwa vidole viwili kana kwamba itamchafua, akatangaza: thau mia nane tisini na nane. Nikachungulia. Nane, mistari miwili, ishirini na tatu. Mia nane sabini na tatu! Mstari wa tatu ulikuwa bado haujatoka. Nikasema hivyo.

Akacheka. "Mzee, hapa kwako watoto ndio wanapima?"

Baba akachukua maikromita, akasoma polepole. Kisha akaniambia bila kuniangalia, "Umekosea, mama. Injinia yuko sawa."

Bushi ikatobolewa kubwa mno, shafti ikacheza ndani, mashine ikasimama siku mbili. Majani yakaoza kwenye magunia, ya kogo yakiwemo. Na aliyefukuzwa ni nani? Baba! Yule bwana vyeti akabaki.

Injinia namdharau mpaka leo, na sioni haya. Lakini masomo ya jikoni yaliishia hapo. Baba hakunifundisha tena, wala sikumwomba. Alikufa kabla sijamwambia kwamba siku ile nilimwona akisoma, na midomo yake ilisema sabini na tatu.