Nyama Niliyopewa Juu ya Mzani wa Kuni

Ijumaa moja asubuhi, mwezi wa kwanza mwaka huu, mwanamke aliingia kwenye yadi yetu ya kuni na kipande cha nyama ndani ya foili.

Akakiweka juu ya mzani. Akaniambia, "Kula."

Nikala.

Nikatafuna taratibu, nikameza, nikajifuta mdomo. "Tamu," nikasema. "Imeiva vizuri."

Hakucheka. Aliniangalia kama daktari anavyomwangalia mtu aliyekanyaga msumari na hana habari.

"Idrisa," akasema, "hiyo nyama mimi nimeitema mara tatu. Inanuka rangi na dawa ya mende."

Nikaangalia foili. Nilikuwa nimeimaliza.

Huyo ni Chebet, Mkenya wa Kericho, mpishi wa mkahawa mmoja pale The Pearl, huku Doha. Kazi yake ni nyama ya moshi. Kidari cha ng'ombe kinaingia kwenye tanuri lake jioni, kinatoka kesho yake. Kuni zikiwa mbovu, na nyama imekwenda. Ndiyo maana alikuwa anaendesha gari mpaka kwetu Al Wakrah, na akifika anauliza kwanza kama mimi nipo.

Alikuwa anafuata pua yangu.

Mimi ni mtu wa Handeni. Baba alichoma mkaa maisha yake yote, nami nilijua moshi wa kila mti kabla sijajua kusoma. Doha nilikuja kubeba mizigo tu. Siku moja bosi wetu, mzee Abdulrahman, Msudani, alinikuta nanusa magogo natenganisha samri na yasiyo samri. Samri ni mgunga wa jangwani, ndiyo kuni wanayoipenda huku. Akanipandisha cheo palepale.

Tangu hapo mzigo ukiingia, hakishuki kitu mpaka ninuse. Wateja wakanibatiza Abu Khashm. Khashm kwa Waarabu wa huku ni pua.

Sasa huyo Abu Khashm alikuwa hanusi chochote. Miezi mitatu.

Sikumwambia mtu. Nilikuwa nazuga. Naleta kipande puani, nafumba macho, nasubiri kidogo, nasema "mlimau huu." Nasema "mwaloni huu." Nabahatisha kwa rangi na uzito, na mikono ikanibeba.

Mpaka ulipokuja mzigo mmoja wa mwaloni. Kuni zimenyooka, zimechongwa vizuri, nzito. Nikafumba macho kama kawaida. Nikasema shusheni.

Sasa, Ijumaa hiyo pale kwenye mzani, Chebet akatoa kipande kimoja cha mzigo huo kwenye mkoba. Alikuwa amekipasua katikati. Ndani kulikuwa na ukijani uliolowea mpaka kwenye kiini.

"Hizi si kuni za nyama," akasema. "Ni mbao za zamani zimelowekwa dawa ya mchwa. Mtu amezichonga upya akawauzia. Mimi nimetupa vidari sita, hiyo si shida, mimi huonja kabla ya kupeleka mezani. Shida ni moja. Umeuzia nani mwingine?"

Nikafikiri. Halafu nikakumbuka.

Mtaa wa Muaither. Magunia manane, jana mchana. Mzee mmoja anafanya akika ya mjukuu wake. Kondoo wanachomwa leo, watu wanakula wakitoka swala ya Ijumaa.

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi.

Niseme ukweli hapa, kwa sababu ndiyo maana ninaandika. Sikushtuka. Nilijua ni jambo baya, kama unavyojua kwamba jana ilikuwa Alhamisi. Kifuani hakukuwa na kitu.

"Kwani unangoja nini?" Chebet akauliza.

"Sijui."

"Kuna watoto watakula hiyo kitu, Idrisa."

Miguu ikanipeleka ofisini, simu sikioni inaita Muaither bila kupokewa. Mzee Abdulrahman alikuwa anakunywa chai.

"Mudir," nikamwambia, "ule mzigo wa mwaloni ni mbovu, una dawa. Niliupitisha mimi. Sinusi. Tangu mwezi wa kumi sinusi."

"Mafua?"

"Hapana."

Akaweka glasi chini. Nilikuwa tayari kuambiwa nikafunge begi. Akasema, "Umewapigia Muaither?"

"Hawapokei."

"Pakieni samri. Nendeni."

Dereva wetu ni Athumani, mtoto wa Korogwe, tunalala naye chumba kimoja. Tukapakia magunia manane ya samri kwenye pikapu. Chebet naye akapanda, akabanana katikati yetu.

"Wewe utawaambia aje moshi uko na dawa, na hata huusikii?" akasema. "Nakuja."

Tulipofika moto ulikuwa umeshawashwa. Kondoo wamepangwa pembeni kwenye vyuma, wamepakwa viungo, mpishi anataka kumweka wa kwanza. Nikamshika mkono. Akadhani nimechanganyikiwa.

Mwenye nyumba akatoka, mzee mtaratibu wa Kiqatari. "Abu Khashm, kuna nini?"

"Kuni hizi zina dawa, ammi. Kosa ni langu."

Akasogea kwenye moto. Hakuinama hata. Moshi ulimfuata, akakohoa, akaziba pua kwa kilemba.

"Hata mimi naisikia," akasema. "Wewe hukuisikia?"

"Sikuisikia."

Hakunitukana. Angenitukana labda ingekuwa nafuu. Akaamuru moto uzimwe. Tukazoa majivu yote, mimi na Athumani, tukachimbua na mchanga uliokuwa chini yake, tukatia mchanga mpya, tukawasha samri. Chebet akawa ananusa kila gunia kabla halijafunguliwa.

Wageni walikula baada ya alasiri, wamechelewa, lakini walikula salama.

Tukarudi. Nyuma tumebeba magunia ya majivu.

"Ni korona ilikupiga ama?" Chebet akaniuliza.

"Hapana."

"Basi ni nini?"

Nilikuwa naangalia barabara. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mke wangu amefariki."

"Pole sana, jamani. Lini?"

"Mwezi wa kumi. Tarehe tisa."

Anaitwa Rehema. Tulikuwa na miaka minane ya ndoa. Presha ilimpanda akiwa na mimba ya miezi minane, akaondoka yeye na mtoto. Walizikwa jioni ileile, kabla hata sijajua naomba ruhusa kwa nani.

Simu ilinikuta nimesimama kwenye mzani. Mteja anasubiri. Nilikata simu, nikampimia kilo ishirini za samri, nikamwambia karibu tena. Kesho yake nikaja kazini kama kawaida. Likizo ya nini? Kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Na kuna kitu kibaya zaidi. Athumani, kila jioni tukirudi chumbani, alikuwa ananiuliza, "Shemeji hajambo?" Nami namjibu, "Hajambo, anakusalimu."

Miezi mitatu. Kila jioni.

Kwa hiyo pale kwenye gari nikageuka kumwangalia. Nilijua sasa atashtuka, atanilaumu, ataniita mwongo.

Hakushtuka. Akawasha indiketa, akaegesha pembeni, akazima gari.

"Mimi nilijua siku ya tatu," akasema. "Dada yangu ameolewa Handeni. Alikuwepo msibani."

Sikumwelewa. "Ulijua? Na bado unaniuliza shemeji hajambo?"

"Nilikuwa nakupa mlango uingie, kaka. Unaniambia hajambo, anakusalimu. Ningekubishia vipi? Nikawa najiambia labda kesho."

Chebet alikuwa analia. Mimi hapana.

"Sasa nimesema," nikamwambia Athumani.

"Haya. Pole, kaka." Akanishika bega. Kisha akawasha gari.

Wiki iliyofuata watu wa Tanga walioko Doha wakakusanyika chumbani kwetu, tukamsomea khitma Rehema na mtoto. Chebet alipika pilau, akakaa nasi mpaka mwisho, Mkristo yule. Kila mtu alinipa mkono. Nilisema asante, asante, asante.

Kazi ninayo. Mzee Abdulrahman amenitoa kwenye kupokea mizigo, sasa napakia na kupima tu. Pua haijarudi. Daktari ameichungulia mara mbili, anasema haina kasoro yoyote.

Juzi nilimpigia mama mkwe. Tangu msiba nilikuwa sijampigia. Alilia, nami nikasikiliza mpaka akamaliza. Halafu akaniuliza kama ninakula. Nikamwambia sijui ladha ya ninachokula, mama. Akasema, "Kula hivyohivyo, mwanangu."

Ndugu zangu mnaofiwa mkiwa ugenini, semeni. Semeni siku hiyohiyo, hata kwa dereva. Mimi nilidhani nikinyamaza msiba utabaki wangu peke yangu. Haukubaki. Ulibakiza dakika chache tu uingie kwenye sahani za watu ambao hata jina la Rehema hawalijui.