Masale ya Mpakani

Mikaeli Sumari hakuiba ardhi ya mtu. Wanaosema nje ya kanisa kwamba alisogeza mpaka wa shamba la baba yake mdogo, kisha laana ikamrudia kichwani, wamekosea. Alichofanya ni hiki: Agosti ya mwaka juzi alikwea mlimani hadi shambani, akang'oa masale yote, ile mimea ya mpaka isiyovukwa bila ruhusa, yaliyotenganisha migomba ya nyumba mbili, akayachomeka kuzunguka chumba chake ili watu waliokuwa wakimsema wasiweze kuingia. Hapakuwa na mtu aliyemsema. Mama yake, Elieshi, mjane na mkuu wa shule mstaafu, alilijua hilo siku ile ile.

Alijua, akanyamaza. Ukoo ulipokutana, mzee Naftali, mdogo wa marehemu mumewe, alilalamika kwamba ameingiliwa mpaka. Elieshi alikuwa na neno moja la kumtetea mwanawe, nalo hakulitoa. Ugomvi wa shamba kila nyumba inao. Kuugua akili ni jambo jingine. Akaomba radhi kwa kosa lisilokuwapo, akatoa mbuzi, masale yakapandwa upya. Mikaeli akafichwa nyumbani kwao mjini, Njiro, kwa maombi na uji, hadi Aprili alipogoma kula siku tano. Ndipo akapelekwa hospitali. Daktari alipouliza ugonjwa umeanza lini, Elieshi alijibu: wiki mbili zilizopita.

Dawa zilimkubali. Kufikia Septemba kijana alikuwa akifua nguo zake na kumtania mama yake kwamba angepewa nafasi angesahihisha hata sala za mchungaji. Daktari akasema kwa kuwa ugonjwa ulikuwa wa muda mfupi, mwezi ujao wataanza kupunguza dawa mpaka ziishe.

Wiki hiyo alikuja Nalepo, binti kutoka kijiji cha Oldonyo Sambu anayefanya utafiti juu ya vijana wanaougua akili kwa mara ya kwanza. Aliamkia, akakaa kwenye ncha ya kochi, akaeleza wanachotafuta: muda gani hupita tangu dalili ya kwanza hadi kidonge cha kwanza. Elieshi aliuliza muda huo una faida gani kwa mgonjwa. Nalepo akasema waliochelewa sana kupata tiba huhitaji kuendelea nayo kwa muda mrefu. Wakiachishwa mapema, wengi hurudi kule kule.

"Hapa kwenye faili pameandikwa wiki mbili, mwalimu. Niache hivyo?"

Elieshi alitazama dirishani. Mikaeli alikuwa akianika mashuka, akiyanyoosha pembe kwa pembe kama alivyofundishwa. Mama alijisikia amechoka mpaka kwenye mifupa, kama mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo mwaka mzima.

"Futa. Andika miezi minane."

"Agosti kulitokea nini?"

"Aling'oa masale ya mpakani."

Nalepo aliinua kalamu. Hakuhitaji kuelezwa; hata kwao, mwenye akili timamu hang'oi masale ya mpakani. Aliuliza tu kama daktari anajua. Elieshi akachukua simu, akampigia daktari palepale. Dawa hazikupunguzwa.

Jumapili, baada ya ibada, alimfuata Naftali mwenyewe, akamweleza kwa sentensi mbili kwamba Mikaeli hakutaka ardhi, alikuwa mgonjwa. Mzee alivua kofia.

"Sasa shemeji, mbona ulikubali tukakutoza mbuzi? Tangu lini mtoto anaumwa? Ni ugonjwa gani hasa?"

"Mpaka wako uko palepale, na mtoto wangu anameza dawa," alisema Elieshi. "Zaidi ya hapo sisemi."