Uhuru Ana Kipara

Mimi ni mnene tangu tumboni mwa mama. Nalisema mapema ili asije mtu akadhani unene huu ni wa uzeeni. Nilizaliwa mnene, nikatambaa mnene, na tulipohamia kijiji cha ujamaa, huku upande wa Kilangala, nikiwa na miaka ishirini, nilihamia na mapaja yangu yote. Nililima shamba la pamoja sawa na wenzangu, nikala ugali wa muhogo ule ule waliokula wao. Kwao ulipita njia, kwangu ulihamia.

Mama yangu aliona fahari. Kwetu binti mnono ni ushahidi kwamba nyumba ina heri, tena nilikuwa na nywele nyingi nyeusi, mama akizisuka anachoka mikono. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba, na Jumamosi ya kusukana ilikuwa sikukuu yetu. Unene haukunisumbua hata siku moja mpaka ilipoingia ngonjera.

Ngonjera ilikuja na mwalimu wetu, kijana wa bara mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Alitukusanya vijana wa kijiji, akatuambia Siku ya Uhuru vikundi vitashindana Lindi mjini, uwanjani, mbele ya mgeni rasmi, na sisi tutakuwemo. Jamani! Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu zaidi ya wale wanaopanga foleni kisimani. Niliinua mkono kabla hajamaliza kusema, nikainua na wa pili.

Akagawa nafasi. Kulikuwa na Mkulima, kulikuwa na Uhuru, na kulikuwa na Kupe, yaani mnyonyaji, yule anayekula jasho la wengine. Siku zile kila mtu alimjua Kupe kwa sura, maana magazetini alichorwa na tumbo lililomtangulia.

"Kupe utakuwa wewe, dada," mwalimu akaniambia. "Mwingine ningemtafutia mto wa kuvaa tumboni. Kwako hatutahangaika."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Na mimi nilicheka, nifanye nini? Lakini kesho yake nikipita njiani na ndoo yangu kichwani, watoto walinifuata wakiimba "Kupe! Kupe! Tema sukari yetu!" Sukari yenyewe nilikuwa sijaionja tangu mfungo wa Ramadhani. Nilitua ndoo, nikawafukuza mpaka mikoroshoni, na pumzi zikaniishia kabla sijamkamata hata mmoja. Niliporudi nilikuta ndoo imepinduliwa na mbuzi. Hapo ndipo hasira ilipoingia kwenye mifupa.

Nilimfuata mwalimu shuleni. Yule msichana aliyepewa nafasi ya Uhuru alikuwa karibu kuolewa, anapelekwa Njinjo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuyajua maneno yake yote kwa kuyasikia.

"Mwalimu, nataka kuwa Uhuru."

Akanitazama kutoka juu mpaka chini, na safari hiyo ilimchukua muda.

"Uhuru ametoka utumwani juzi," akasema. "Utumwani alikuwa anakula nini hata awe hivyo? Haya, niletee Uhuru mwembamba kabla korosho hazijaanza kuanguka, tutazungumza."

Alifanya mzaha. Mimi nilisikia ahadi.

Nilisingizia kwenda Lindi kutafuta sindano za kushonea. Nje ya soko kulikuwa na mwuza dawa aliyetandaza vifurushi vyake juu ya mkeka, na kimoja kilikuwa cha kukondesha. Ulikuwa unga wa kijani kibichi. Sanamaki ilikuwemo, nilijua kwa harufu, maana sanamaki ndiyo dawa ya kuharisha ya kila nyumba. Mengine yaliyomo hakuyataja, na mimi nilikuwa na haraka ya kukonda, sikuuliza. Alisema kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na chakula nikiangalie kwa macho tu.

Nilimtii kuliko nilivyowahi kumtii mama. Ugali nilikuwa naufinyanga, nachovya, natafuna kidogo kwa ajili ya ushahidi, halafu matonge yanayofuata nayatupa nyuma ya mlango. Choo chetu cha shimo nilikitembelea hata kuku wakachoka kukimbia wakiniona. Kuku wenyewe walifaidi sana. Mama alikuwa akiwatazama anashangaa.

"Hawa kuku wamenenepa, na wewe unapukutika," alisema siku moja. "Unaumwa, mwanangu?"

"Jembe, mama. Shamba la pamoja lina kazi."

Na kweli nilipukutika! Mwezi wa nane gauni langu lilikuwa linanizunguka bila mimi kugeuka. Kizunguzungu kilikuwepo nikipanda kilima, lakini nani aliyejali? Nilikuwa nikienda kisimani nachungulia uso wangu majini, naona mifupa ya mashavu niliyokuwa nimeambiwa kila mtu anayo. Wale watoto walinipita njiani wasinijue. Nikaenda shuleni, nikasimama mlangoni.

Mwalimu alidondosha chaki. "Alaa! Ndiwe wewe?"

Nilirudi nyumbani nikikimbia. Mimi, kukimbia! Nafasi ya Uhuru ilikuwa yangu, na ya Kupe alipewa karani wa kijiji, kijana aliyekonda kama ufito, akafungiwa mto tumboni. Tukaanza mazoezi upya. Mwalimu akabuni jambo mwishoni: Uhuru anaingia amefungwa kilemba, alama ya utumwa, Mkulima anamshinda Kupe, halafu anamwambia Uhuru afungue kichwa, Uhuru anavua kilemba na nywele zake zinatawanyika mabegani, huru. "Kwa nywele hizo zako," mwalimu alisema, "Lindi nzima itasimama." Nilirudia maneno hayo kitandani kama mtoto anayehesabu siku za Idi.

Korosho zikaanza kuanguka, na nywele zangu zikafuatana nazo.

Mara ya kwanza nilikuwa naoga. Nilisugua kichwa, mkono ukaja na fungu. Nikadhani ni zile zinazotoka siku zote. Kesho yake kitana kikajaa, kesho kutwa mto ukawa mweusi. Nilizikusanya, nikazitupa chooni kabla mama hajaamka. Ilipofika Jumamosi ya kusukana nikasema kichwa kinaniuma, na Jumamosi iliyofuata nikasema mwalimu ametaka nywele zipumzike. Nikajifunga kilemba asubuhi na kulala nacho, na mazoezini nikasema nitafungua siku yenyewe, ili tusiumalize utamu.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikaenda zahanati, nikamweleza mwuguzi kila kitu, hata habari za kuku. Alinisikiliza, akanivuta kope ya chini akatazama kama nina damu.

"Mwili unaokosa chakula hulisha moyo kwanza," akasema. "Nywele ni za mwisho kukumbukwa. Njaa uliyojishindisha miezi ile ndiyo unailipa leo. Tupa huo unga, ule. Zitaota."

"Lini, dada mwuguzi?"

"Sijui. Lakini Siku ya Uhuru haziwahi."

Unga niliutupa. Kula nilikula kwa kudokoa, maana nilikuwa naliogopa tumbo kuliko kipara.

Siku nne kabla ya safari mama aliniita uani. Alikuwa amekaa juu ya kibao, ana beseni la maji, sabuni, na wembe mpya.

"Vua kilemba."

"Mama..."

"Unadhani nani anafagia nyumba hii? Nimezifagia nywele zako tangu korosho ya kwanza. Vua."

Nilivua. Sijui kichwa kilionekanaje, ila niliona uso wa mama, nikalia kama niliyechapwa. Nilipopapasa, pembeni palikuwa patupu kabisa, na katikati vilibaki vishungi vichache ambavyo havikujua wenzao wamekwenda wapi.

"Tunanyoa zote," akasema.

Ndilo nililokuwa naliogopa. Kwetu mwanamke akionekana na kipara, mambo ni mawili. Ama amefiwa, amenyolewa msibani, na watu watamjia na pole zao wakiuliza ni nani. Ama ni mwali, ametoka unyagoni leo hii, amenyolewa na kupakwa mafuta, na watu watamshangilia. Mimi sikuwa na msiba, na unyago nilikuwa nimechezwa zamani. Niliikumbuka vizuri siku ile ya kutoka, mama alivyonifunika mabegani kwa kisutu chake, ile kanga nyekundu na nyeusi ya siku kubwa, yenye tundu la cheche ya moto kwenye pindo. Baada ya siku ile kisutu kilirudi sandukuni.

"Watasema nimefiwa. Uwanja mzima, mama! Watasema kikundi kimeleta mkosi."

"Nilikuzaa na kipara nikakupenda," akasema, akaanza kunyoa. "Ila Lindi siendi. Sina macho ya kutazama mwanangu akiaibika."

Maneno hayo yaliniuma kuliko wembe.

Siku ilifika. Lori lilituchukua alfajiri, tukaimba njia nzima, na mimi niliimba kwa nguvu kuliko wote ili nisisikie moyo wangu. Mjini kulikuwa na bendera kila nguzo. Uwanjani, watu! Sijui walitoka wapi watu wale. Kanga za kila rangi, watoto juu ya mabega, ngoma za kila kijiji zikijibizana, na mgeni rasmi amekaa chini ya turubai na miwani yake. Ile hofu yangu yote ikageuka hamu. Nilikuwa nimepanga: nitasema maneno yote, na kilemba sitavua. Mwalimu akasirike atakavyo.

Tuliingia. Kupe na mto wake aliwachekesha watu mpaka mgeni rasmi akavua miwani kufuta macho. Mimi nilipofungua kinywa, uwanja ulinyamaza.

"Nimefungwa muda mrefu, sura yangu mmesahau,
Nitazameni vizuri, mimi si wa kudharau!"

Sauti ilinitoka ikaenda mpaka kwenye minazi kule mwisho, nikaisikia ikirudi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Mkulima akamwangusha Kupe, mto ukachomoka, watu wakapiga kelele. Halafu akanigeukia, akanyoosha mkono: "Fungua kichwa, Uhuru, tukuone!"

Nikasimama tu. Akarudia. Wanafunzi waliokaa mbele wakadhani na wao wamo, wakaanza: "Fungua! Fungua!" Uwanja mzima ukadakia. Nikamwona mwalimu pembeni akiniashiria kwa mikono yote miwili. Nikawaza kukimbia. Lakini nikakumbuka njia ile, ndoo yangu na mbuzi, na wale watoto wakiniita Kupe, nikasema hapana, leo hanifukuzi mtu. Nikashika kilemba, nikakivuta.

Jua la Lindi lilinipiga utosini moja kwa moja. Nikasikia mtu mmoja nyuma akisema, "Masikini, kafiwa," na mwingine akisema, "Inna lillahi." Nikainamisha kichwa. Nilijua nimekwisha.

Ndipo kikapanda kigelegele. Kilikuwa kimoja tu, kirefu, kutoka upande wa wanawake, na nyuma yake sauti: "Mwali katoka!"

Yarabi! Wanawake walinyanyuka wote kwa pamoja, utadhani uwanja umeinuliwa. "Mwali katoka! Uhuru mwali! Uhuru katoka ndani!" Wapiga ngoma wa vijiji vingine, ambao hakuna aliyewaambia kitu, wakabadili mapigo, wakapiga ile ya kutolea mwali. Wanawake wakaja mbio, wananizunguka, wananitunza, mmoja ananipaka mafuta ya nazi kichwani, mwingine ananifunika kanga mabegani. Mimi nilikuwa nimeinama kama mwali anavyotakiwa kuinama, machozi yanadondokea miguuni, sioni sura ya mtu. Nilichokiona ni miguu inacheza tu. Karani alicheza na mto wake mkononi.

Tulishika nafasi ya kwanza. Mgeni rasmi alimwita mwalimu, akamwuliza ni nani aliyefikiria kumleta Uhuru kama mwali. Mwalimu wangu, mbele ya macho yangu, akajibu, "Ni ubunifu wetu, ndugu mgeni rasmi." Nimekwisha kumsamehe mambo mengi. Hilo bado.

Tulilala Lindi, tukarudi kesho yake mchana. Ni ndani ya lori nilipoivua ile kanga mabegani ili niikunje, nikaona ni kisutu. Nikaigeuza nikatafuta pindo. Tundu la cheche lilikuwa pale pale, nikapitisha kidole.

Nilimkuta mama uani anasonga ugali. Malori ya korosho yalikuwa yakienda na kurudi Lindi siku zote zile, sikuhitaji kuuliza amepanda lipi. Niliuliza tu.

"Mama, jana ulikuwa Lindi?"

"Lindi nikafanye nini?" akajibu. "Nilikuwa shambani."

Sauti haikutoka vizuri. Ilikuwa imekauka kabisa, ilikwaruza kama ya mtu aliyepiga vigelegele kutwa nzima. Nikampa kisutu. Hakuuliza nimekipata wapi. Alikikunja, akakirudisha sandukuni, akaja kunipakulia. Nilikula ugali wote, kuku wakazunguka zunguka mlangoni, wakakosa.