Kifuko cha Mwamini

Maneti ya mjukuu wangu, ile anayochezea michezo ya televisheni, inanuka jasho la viganja na plastiki iliyopata joto. Mama yake akimwita, huiacha kitini, nami nikiona hakuna anayenitazama, huichukua. Ina pembe mbili nono zinazojaa mkononi, na vidole vinajikuta mahali pake bila kuelekezwa. Siku ya kwanza niliirudisha upesi. Sisi wa Kasongo tulilelewa kuogopa kitu kinachomkubali mtu haraka namna hiyo.

Utotoni mwangu maneti haikumkubali mtu. Baba mdogo, mfanyabiashara, alirudi kutoka Bujumbura na mchezo wa televisheni: mistari miwili myeupe na nukta moja iliyorukaruka katikati kama mpira. Kila mchezaji alishika kisanduku cheusi chenye kona kali, juu yake kifimbo kigumu. Jumapili baada ya misa, baba mdogo aliwasha jenereta, nasi tukajipanga sebuleni. Aliyeshinda alibaki kitini. Aliyeshindwa alirudi nyuma ya mstari. Kona zile zilitutafuna viganja, kwa hiyo hata bingwa hakukaa sana.

Isipokuwa Mwamini, binti ya shangazi yangu. Tulikuwa na miaka kumi sote wawili, naye alikuwa ameletwa kwetu kutoka Kabambare ili asome. Kwa desturi yetu mtoto wa shangazi ni wa kutaniana naye, mnaitana mume na mke, na Mwamini hakunihurumia. "Bwana yangu, kwenda unawe uso," aliniambia kila aliponishinda, "kisha urudi, nikupige tena." Watu walicheka. Mimi nilicheka kwa meno tu, nikasema ni kona za kisanduku zilizoniponza.

Jumapili moja alikuja na kifuko cha kitenge alichokishona mwenyewe, akakivika kisanduku kabla ya kucheza. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kitu kilichotuna. Alishinda mchana mzima. Tulipomuuliza ni nini, alisema ni siri ya mkono wake, kisha akakivua na kukificha kifuani. Bibi yetu alizoea kusema kwamba anayeshinda kila siku hashindi peke yake. Nikaanza kumchunguza Mwamini: anakiweka wapi, anakigusa lini, mbona midomo yake inacheza kabla ya mchezo.

Sikuona lolote. Hata hivyo nilimwendea baba mdogo, nikamwambia nimemwona mtoni akikitemea kifuko mate na kukisemesha. Ulikuwa uongo. Shaka ikinenepa, ndugu zangu, huanza kuona yenyewe.

Kwetu dawa ya mtu haifunguliwi, anayeifungua inamwingia. Inatupwa motoni kama ilivyo. Baba mdogo akamnyang'anya Mwamini kifuko, akaniamuru nikitupe mimi, kwa kuwa ndimi niliyeiona dawa. Mwamini alisimama mlangoni pa jiko, akasema mara moja tu, "Mufungue basi, muone." Watu wazima walitazama pembeni. Toka mlangoni hadi mafigani ni hatua tano. Katika hatua hizo vidole vyangu vilibonyeza kifuko, vikakuta ulaini, na ndani ya ulaini mbegu ndogo ngumu. Nilikuwa nimevuna pamba shambani kwetu tangu nilipojua kutembea. Nilijua nimeshika nini. Nikatupa.

Wiki hiyohiyo Mwamini alirudishwa Kabambare. Alikuwa mwaka wa pili wa shule.

Wanangu walichezea maneti nyingine, bapa kama kipande cha sabuni. Halafu ikaja hii ya mjukuu. Ni kwa kuishika hiyo ndipo nilipoelewa kwamba Mwamini hakuwa akitafuta kushinda kwa siri. Kila asubuhi, kabla ya shule, alitwanga mihogo ya nyumba yetu nzima, na alipokaa kwenye mchezo viganja vyake vilikuwa na malengelenge tayari. Tulikula ugali ule kila siku, na hakuna aliyeuliza habari za mikono.

Kiangazi kilichopita nilipanda pikipiki hadi Kabambare. Nilimkuta akibambua karanga, nikamweleza yote, pamoja na zile mbegu. Hakuacha kubambua.

"Nilijua ni weye," alisema. "Na nilikuwa nakushonea cha pili, uache kusingizia kona."

Akafungua fundo la kitenge chake, akatoa karatasi aliyopewa na muuguzi pamoja na vidonge, akanipa nisome. Nikamuuliza kama macho yamempungukia.

"Macho iko mazima. Nilitoka shuleni kabla herufi hazijanizoea."

Nikamsomea: viwili asubuhi, kimoja jioni. Aliniomba nirudie. Nikarudia, naye akayasema maneno nyuma yangu polepole, kidole kikifuata mstari ambao haukuwa wenyewe.