Risasi ya Fundi Mwashi

Juzi nilikwenda Tegeta kununua bawaba za mlango, nikaiona timazi imening'inizwa juu ya makufuli, ya chuma, imepakwa rangi nyekundu, na uzi wake wa nailoni. Kijana wa duka akaona ninavyoikodolea macho. "Chukua mama, ya kupimia ukuta usiende upande hiyo." Nikamwambia naijua. Nikachukua bawaba zangu nikatoka, lakini njia nzima nilikuwa niko Yombo, uani kwetu, miaka ile baada ya vita vya Kagera.

Wewe kama ulikuwepo unakumbuka. Sukari foleni, sabuni foleni, kanga foleni tena kwa kusukumana. Bibi yangu, mzaa baba, alizipenda foleni. Nasema alizipenda, usinibishie. Alikuwa ametoka Lindi kuja kukaa na mwanawe, mjini hakuwa na wa kuzungumza naye, na duka la ushirika lilimpa umati mzima uliosimama mahali pamoja bila la kufanya. Alfajiri ananiamsha, tunashika kikapu, na hata ikisemwa leo hakuna kitu tunakwenda vilevile. "Mkaa bure si sawa na mtembea bure," anasema. Jua likichomoza, foleni nzima inajua jana kwetu mihogo iliungwa kwa nazi au ilikwenda na chumvi tu. Watu walimpenda, wakamwekea na nafasi.

Baba alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache. Mtaa ulikuwa unajenga darasa kwa kujitolea, na yeye ndiye aliyesimamia kuta. Timazi yake iliibwa, madukani hakuna nyingine, na jiwe alilolifunga kwenye kamba likawa linayumba na upepo. Ukuta wa kwanza ukaenda upande, ikabidi waubomoe. Ndipo jirani yetu aliyerudi vitani akampa ganda la risasi alilokuja nalo, la shaba, la bunduki kubwa, refu kupita kiganja changu.

Baba akalitoboa kitakoni, akapitisha waya wa kufungia uzi. Akavunja betri kuukuu ya gari, akaiweka risasi yake kwenye kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa. Unakijua Kiswahili chetu: madini yale mazito ya betri ni risasi, na kinachotoka kwenye bunduki nacho ni risasi. Ilipoyeyuka akaimimina ndani ya ganda, lililozungushiwa udongo mdomoni ili ichomoze kidogo, apate mahali pa kuchonga ncha.

Asubuhi hiyohiyo mimi na bibi tulikuwa kwenye foleni ya sabuni. Mama mmoja akamwuliza mbona fundi leo haonekani kwenye darasa. Bibi akajibu kwa sauti yake isiyojua kunong'ona: "Mwanangu yuko nyumbani anayeyusha risasi. Ganda kashapata."

Foleni ikanyamaza. Bibi alidhani hawakusikia, akarudia.

Watu walikuwa na hofu, na si hofu ya bure. Ilisemwa silaha zimeingia mitaani baada ya vita, na mtaa wa pili kijana mmoja alikuwa amechukuliwa kwa maneno tu, mama yake bado anampelekea chakula mahabusu. Adhuhuri balozi wetu wa nyumba kumi akaingia uani na mgambo wawili. Alikuwa mtu wa adabu, akampa bibi shikamoo kwanza.

"Fundi," akasema, "tumesikia humu ndani mna risasi."

"Ipo," baba akajibu, hajui hili wala lile. "Inapoa."

Mgambo mmoja akainama karibu na jiko, akainuka na kitu chenyewe: ganda la shaba, risasi imechomoza mbele. Hata mimi, niliyekuta mabaki ya betri bado yako uani, niliogopa. Baba akaanza kueleza, timazi, ukuta, uzi, na kila alipolifikia lile neno alizidi kujichimbia shimo. Wakaondoka naye.

Bibi aliwafuata mpaka ofisi ya tawi la chama, akaketi chini mlangoni, akasema haondoki bila mwanawe. Hakulia. Kila aliyepita alimwambia, "Mie nilisema ya betri. Nilisema ya betri." Hakuwa amesema ya betri.

Baba alitoka kabla ya magharibi. Aliomba uzi, akaining'iniza ile timazi mbele ya katibu, ikatulia wima, na ofisi nzima ikaangua kicheko. Wakamrudishia, naye akazinyoosha kwayo kuta zote zilizobaki. Kisa chenyewe akakifanya cha kuchekeshea wageni. "Niliulizwa, nikajibu," anasema, basi, tunavunjika mbavu.

Bibi hakucheka. Tuliendelea kwenda foleni, maana sabuni ilihitajika, lakini alisimama kimya, kikapu mkononi. Wale wale waliokuwa wakimwekea nafasi walimsemesha, wengine kwa haya, maana alikuwepo kati yao aliyepeleka maneno kwa balozi na hatukujua ni nani. Foleni zimekwisha, na mie sizililii. Namlilia bibi yule, aliyenyamaza miaka yote iliyombakia.

"Mwanao hajambo, mama?" wanamwuliza.

"Yupo."

Nami nimesimama ubavuni pake, nimemshika kanga, namngoja aendelee.